Msiwaonee vijana wa Mbeya, lugha inayotutoka ni nyingine

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama vijana wa mijini wanaiharibu lugha kwa kuchanganya maneno huku miji ikizidi kukua. Mimi nauza viazi kwa jumla katika Soko la Soweto hapa Mbeya, na maneno ya vijana nayasikia tangu alfajiri, magari yanapoanza kushusha mizigo. Kama mnaulizia Kiswahili, jibu langu ni hapana. Kiswahili hapa kinadunda. Kinachotutoka ni Kisafwa, lugha ya wenye ardhi ambayo jiji hili limekaa juu yake, na wanaokiachia si hao vijana mnaowalaumu.

Nianze na hapo sokoni. Fuso ya viazi imefika kutoka Umalila, makuli wameizunguka, na mmoja anampigia kelele mwenzake aliye juu ya gari: "Oya gwe, shusha mdogo mdogo! Lumbesa hii buku haitoshi, nkamu, ongeza jero!" Ndani ya kauli hiyo kuna Kinyakyusa (gwe ni wewe, nkamu ni ndugu), kuna maneno ya kijiweni (buku ni elfu moja, jero ni mia tano), na kuna lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, ambayo kila mkulima wa viazi anaijua kwa machungu yake. Aliyesema ni kijana wa Kinyiha kutoka Mbozi. Anayeitwa nkamu kwao ni Makete, hana hata shangazi Mnyakyusa. Kisha kijana huyohuyo anageuka kunikabidhi mzigo: "Shikamoo mama. Magunia yametimia kumi na nane, ila mawili yameloa kwa chini, uyaangalie kabla hujalipa." Hapo kuna kosa gani? Anajua aseme nini na nani, na wapi. Wasomi wengi hawana ujuzi huo.

Maana tukitaka kuhesabu wachanganyaji, twende na maofisini. Huko utaambiwa na mtu mzima mwenye tai kwamba fomu yako bado "haijaapruviwa", urudi baada ya "mitingi", na usisahau "kukonfemu" kwa simu. Mahubiri ya mjini siku hizi nayo ni hivyohivyo. Hakuna anayeandika gazetini kwamba watu hao wanaiharibu lugha. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, halafu tunashangaa akitoka na mdomo wenye lugha mbili. Mimi naona tunamlaumu kuli kwa sababu ni rahisi kumlaumu.

Mbeya yenyewe imezaliwa kwa mchanganyiko. Mji ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na watu waliokuja kutafuta kazi walitoka makabila mbalimbali. Miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, pamoja na barabara kuu ya kwenda Zambia, na watu wakaongezeka tena. Mwaka 2005 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini, na ile ya 2022 ikahesabu 541,603. Wengi wa hao zaidi ya laki moja na nusu walioongezeka hawakukaa katikati ya mji. Wamejenga Iganzo, Itezi, Nsalaga, Igawilo, kule ambako zamani ulikuwa unakuta mashamba ya mahindi na maharage ya Wasafwa. Ukitaka kuelewa lugha ya mji huu, fuata viwanja vilivyouzwa.

Kwa nini basi vijana wanaokota maneno ya Kinyakyusa, "gwe" na "nkamu" na "ndaga", wasiokote ya Kisafwa? Wanyakyusa ni wengi mjini, wako kwenye biashara, kwenye mabasi, kwenye kwaya. Na lugha yao iliandikwa mapema. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, kwa Wanyakyusa, mwaka 1891, na leo kuna Biblia na vitabu vya nyimbo kwa Kinyakyusa. Mtu aliyelelewa Tukuyu anaweza kufika Mbeya, akakuta ibada ya lugha yake na wenzake wa kuongea nao, hivyo anaitumia bila aibu, na wengine wanaidaka. Msafwa alikuwa nyumbani tayari. Mji ulimfuata shambani kwake, na kila mgeni aliyenunua kiwanja alimsalimu kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili. Ni adabu, wala si udhaifu. Lakini ukijibu hivyo kwa majirani wote, miaka nenda miaka rudi, Kisafwa unabaki nacho chumbani na msibani.

Msibani ndiko ninakoona hasara waziwazi. Jirani yangu mmoja ni bibi wa Kisafwa, ardhi yote ya mtaa wetu ilikuwa ya ukoo wao. Alipofiwa na kaka yake, wazee walikaa upande mmoja wakizungumza habari za ukoo, nani wa nani, mpaka wa shamba ulipita wapi, marehemu aliacha neno gani. Wajukuu walikuwa upande wa pili, wameinama kwenye simu, kwa sababu hawakuelewa. Mmoja akaniuliza mimi, mgeni wa kutoka Makete, babu zake wanasema nini. Sikuwa na jibu la kumpa. Kijana huyo Kiswahili chake hakina neno, na cha kijiweni anakimwaga vizuri mno. Alichokosa ni kile ambacho hakuna mtu aliyemwambia kina faida.

Kuna wanaosema lugha za makabila zikifa tutaungana zaidi. Siamini. Kiswahili kilituunganisha huku bibi zetu wakiendelea kuongea vya kwao, na kinavuna maneno humohumo. Hata hiyo "-ga" tunayoisikia kila siku Mbeya, "huwa anakujaga", "tunauzaga hapa", inatoka kwenye lugha za huku bara. (Walimu wanaikata kwa kalamu nyekundu, na mtihanini wanafanya vyema.)

Niwape na la mwisho, kwa sababu linahusu kukua kwa mji moja kwa moja. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilikuwa kwenye zoezi la anwani za makazi, na barabara za mitaani zikawa zinapewa majina. Kwenye kikao cha mtaa wetu aliyesimama kutetea jina la Kisafwa alikuwa dereva wa bodaboda, kijana wa "oya" na "mwanangu" kutwa nzima. Alitaka barabara yetu ichukue jina la kijito kilichokuwa kinapita pale kabla ya nyumba, jina alilolisikia kwa bibi yake. Tuliokuwa na nyumba za bati jipya, watu wazima wenye heshima zao, tukasikika tukiguna kwamba jina lile ni la kishamba, wageni hawataweza kulitamka. Ikapita Barabara ya Amani. Mimi nilinyoosha mkono upande wa kijana, tukawa wachache.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, liende kwa wenyeviti wa mitaa na kwa madiwani wa kata zile za pembeni ambako bado zinafunguliwa barabara kila mwaka. Kabla ya kuandika kibao, waiteni wazee wa Kisafwa wawaambie kilima kile, bonde lile na kijito kile viliitwaje, na vijana wenye simu wawarekodi wakisema. Majina yaandikwe vibaoni kama yalivyo. Mgeni atajifunza kuyatamka, kama sisi tuliotoka Makete, Kyela na Mbozi tulivyojifunza kutamka Mwanjelwa, jina la eneo la hapahapa mjini.

Mfanyabiashara wa viazi, Soko la Soweto, Mbeya