Mtoa huduma amefunga Usenet, nifanyeje?

Ndugu, umeuliza kama kufungwa kwa seva ya Usenet (mtandao wa zamani wa vikundi vya mijadala) ya mtoa huduma wako wa intaneti ndiyo mwisho wa vikundi vyako. La hasha! Vikundi havikai kwa mtoa huduma huyo pekee. Kila ujumbe hunakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine, hivyo tafuta tu seva nyingine. Kwa mijadala ya maandishi jisajili kwenye seva ya Eternal September, ni bure. Kisha kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, fungua akaunti ya vikundi vya habari, weka anwani ya seva, jina na nywila, na uchague muunganisho wa siri (SSL/TLS) wenye poti 563 ili mawasiliano yafichwe. Google Groups usihangaike nayo: tangu Februari 2024 haitumi ujumbe wa Usenet, ya zamani tu ndiyo inasomeka. Mafaili makubwa yanahitaji seva ya kulipia. Nakili mapema orodha ya vikundi vyako, maana seva mpya haitajua ulikuwa unafuata vipi.