Kwa nini nilikubali kuishi na mvumo huu

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwenye simu kwa nini, ilhali madaktari wamekiona chanzo cha mvumo ulio katika sikio langu la kushoto, nimekubali kuendelea kuusikia badala ya kuuondoa. Nilikujibu kwa haraka kwa sababu wageni walikuwa sebuleni, na jibu lile halikukutosha.

Usiku wa kwanza nilidhani ni friji. Niliamka nikaizima, lakini mvumo ukabaki: fuu, fuu, fuu. Ndipo nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, nikatazama saa ya ukutani na kuhesabu mapigo 74 kwa dakika, mvumo ukienda nayo pigo kwa pigo. Ule mlio wa masikio unaowasumbua watu wengi, kama wa nyenje, haufuati moyo. Huu wangu ni sauti ya kweli ya damu ipitayo karibu na sikio, na ndiyo maana niliumia sana katika kliniki ya kwanza nilipoambiwa kwamba ni uzee tu, nikapewa dawa ya kudondoshea sikioni.

Daktari wa masikio, pua na koo alinibonyeza polepole shingoni, chini ya taya, upande uleule, na kukawa kimya. (Usijibonyeze mwenyewe kwa nguvu, kwa maana mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo uko papo hapo.) Kimya kile kilimwelekeza kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni. Alinipima presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu, au tezi inayofanya kazi kupita kiasi, huweza kuifanya damu ikimbie kwa kelele. Hayo yote yalikuwa sawa. Picha za MRI ndizo zilizoonyesha kwamba mshipa ulio nyuma ya sikio umebanwa mahali pamoja. Unaikumbuka mifereji ya mashamba ya mpunga kule Ahero: maji hupita kimya penye upana, yakafanya kelele yanapobanwa langoni.

Kilichoamua neno langu, hata hivyo, ni macho. Shinikizo la maji yanayouzunguka ubongo likipanda, huvimbisha neva ya jicho na linaweza kumpofusha mtu. Mvumo kama huu huwa mojawapo ya dalili zake. Neva zangu zilikutwa salama. Zingekuwa zimevimba, ningekubali matibabu siku ileile. Kuondoa mvumo wenyewe kungehitaji kuwekewa wavu mdogo wa chuma ndani ya mshipa ule, kisha kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na hatari ya kuvuja damu kichwani, hata ikiwa ndogo, naiona ni gharama kubwa mno kwa sauti isiyonidhuru.

Usiku huwasha feni, nikageuza kichwa upande wa kushoto, na mvumo hupungua. Mvua ikinyesha juu ya mabati siusikii kabisa. Lakini kichwa kikianza kuniuma kwa namna nisiyoizoea, au macho yakififia ninapoinama, nitakwenda hospitali siku hiyohiyo, nami nitakupigia simu nikiwa njiani.

Miadi ya macho ni mwezi ujao. Ukipata nafasi ya kutoka Nakuru, njoo Kisumu twende pamoja, umuulize daktari mwenyewe yale ambayo mimi sikuyauliza.

Mama yako