Utabiri Ulisema Nyuzi 3, Maboga Yakaoza

Nianze na neno lenyewe lisije likatuchanganya. Vuli ninayoizungumzia hapa siyo ile ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni majira ya majani kupukutika katika nchi zenye majira manne, na mwisho wake huangukia Novemba upande wa kaskazini wa dunia, Mei upande wa kusini. Mchana unafupika, usiku unarefuka, na mkulima aliyezoea kuogopa jua kali anajikuta anaogopa anga lililojaa nyota.

Mwaka wangu wa kwanza kulima katika majira hayo nilikuwa na maboga ambayo nilikuwa sijamaliza kuyavuna. Jioni nikaangalia simu: joto la chini la usiku, nyuzi 3. Nikapiga hesabu ya darasa la nne, kwamba maji huganda kwenye sifuri, nikaona nina akiba ya nyuzi tatu nzima, nikalala. Kulipopambazuka bonde lote lilikuwa jeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda ukawa barafu nyembamba juu ya majani. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshaiyeyusha, na majani ya maboga yalikuwa meusi, yamelala chini kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Maboga yenyewe yalionekana mazima. Nikayakusanya, nikayapanga ghalani, nikajipongeza. Hazikupita wiki mbili yakaanza kutoa mabaka yenye majimaji, moja likamwozesha jirani yake, na karibu nusu nikaenda kuyatupa.

Nikaulaumu utabiri. Kila aliyekubali kunisikiliza alisikia malalamiko yangu. Baadaye ndipo nikaja kuelewa kwamba utabiri ulikuwa sahihi. Mimi ndiye sikujua ile 3 hupimwa wapi.

Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ubavuni, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Boga halikai huko juu. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani, na hewa inayogusa nyasi inapoa kuliko ile ya kisandukuni, mara nyingine kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo 3 ya kwenye kisanduku inaweza kuwa chini ya sifuri kwenye jani. Tena hewa baridi ni nzito. Inateremka taratibu kufuata mteremko, kama maji, ikatuama bondeni, nyuma ya ukuta, au penye ua mnene uliokatiza njia yake. Shamba langu lilikuwa bwawa la baridi. Mimea iliyokuwa juu ya mteremko, mwendo wa dakika tatu tu, haikuguswa hata jani.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kipimajoto kinachohifadhi joto la chini kabisa la usiku, ukiweke mahali pabaya kuliko pote shambani, karibu na ardhi. Halafu tafuta daftari. Andika utabiri ulisemaje, kifaa kimesoma ngapi, kulikuwa na mawingu au hakuna, upepo ulikuwepo au la. Kazi ya dakika moja kila asubuhi. Msimu ukiisha utakuwa umejua tofauti kati ya utabiri na shamba lako, jambo ambalo hakuna simu itakayokuambia. Yangu ni nyuzi 4 usiku ukiwa mtulivu na usio na mawingu, na haifiki 1 upepo ukivuma. Naiita kodi ya bonde. Kila utabiri ukitoka, naukata kodi kwanza ndipo nifanye uamuzi.

Na kabla hata ya kuangalia joto la chini, siku hizi naangalia mambo mengine matatu. Mawingu ni blanketi. Usiku wenye mawingu mazito wa nyuzi 3 hauninyimi usingizi. Upepo mwepesi unachanganya hewa ya chini na ya juu iliyo na joto zaidi, kwa hiyo nao ni rafiki, isipokuwa pale unapoleta hewa baridi kutoka mbali, maana hapo hata mlimani hakuna pa kukimbilia. La tatu ndilo wengi hulipita: kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka kulifikia huanza kuacha umande. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto, na joto hilo hupunguza kasi ya kupoa. Jua likizama na kiwango hicho kiko 5, mara nyingi umande utakaa zamu kwa niaba yangu. Kikiwa −4, hewa ni kavu, hakuna cha kuizuia isishuke. Usiku wa namna hiyo mmea unaweza kuganda bila weupe wowote kuonekana. Asubuhi unaona shamba la kijani, mchana unaona jeusi.

Nilikuwa pia na tabia ya kuamka saa sita usiku, kukuta kifaa kinasoma 2, na kurudi kitandani nimeridhika. Upuuzi mtupu. Baridi kali kuliko zote huja alfajiri, jua linapokaribia kuchomoza au muda mfupi baada ya kuchomoza. Saa sita safari bado ndefu.

Kufunika mimea kunasaidia ikiwa umeelewa kwamba joto linatoka ardhini. Kitambaa kishuke mpaka chini pande zote, kiwekwe jua linapozama wakati udongo ungali na joto, kiondolewe asubuhi. Plastiki inayogusa majani huyagandisha pale inapoyagusa. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu, kwa hiyo mwagilia mchana. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo, ambayo kiangazi nayasifia, usiku wa sakitu huzuia joto la udongo lisipande kwenye mche laini, nayasogeza pembeni.

Siku ngapi mbele uamini? NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, inaeleza kwamba utabiri wa siku tano huwa sahihi takribani asilimia 90 ya nyakati, wa siku saba asilimia 80, na wa siku kumi au zaidi karibu nusu tu. Kwa hiyo siku kumi nazitumia kuota, tano kupanga, mbili kuamua. Programu yako ikionyesha upeo, mathalani kati ya −2 na 4, usichukue wastani ukasema 1. Angalia ile −2 uulize ikitokea utapoteza nini.

Mvua ya wakati huu nayo ina ujanja wake. Asilimia 40 haimaanishi mvua itanyesha asilimia 40 ya siku. Ni uwezekano wa mahali pako kupata mvua katika kipindi kilichotajwa. Lakini hata hilo ni dogo kuliko kosa la kuhesabu siku kavu zinazokuja na kusahau mvua iliyokwisha kunyesha. Jua liko chini, mimea hainywi tena, udongo haukauki. Mvua ambayo kiangazi ningeisubiri siku mbili, sasa naisubiri wiki, na trekta likiingia mapema linaushindilia udongo kwa namna ambayo utaiona msimu ujao mizizi ikigoma. Chukua udongo wa kina cha jembe, uviringishe viganjani. Ukitoka kama uzi, rudi nyumbani.

Wenye mifugo, msiogope namba ndogo kuliko mnavyoogopa mvua. Ng'ombe mwenye manyoya mazito ya baridi, yakiwa makavu, huvumilia hadi karibu nyuzi −8 kabla hajahitaji kuchoma lishe ya ziada ili apate joto. Manyoya yakilowa, mpaka huo hupanda hadi kama 15. Ndiyo, 15 juu ya sifuri. Usiku wa nyuzi 4 wenye mvua na upepo humuumiza kuliko usiku mkavu wa −5. Zuieni upepo na mvua, ila msizibe zizi kila tundu. Unyevu na harufu ya mkojo vikikosa pa kutokea huleta homa ya mapafu.

Mliopanda mtama wa malisho: ukipigwa na sakitu hutoa sumu ya sianidi. Baada ya baridi iliyoua mmea wote ngoja wiki mbili ndipo uingize wanyama, na machipukizi yakitokea chini ndiyo hatari zaidi. Mimi sijapoteza mnyama kwa hilo, lakini mwaka mmoja niliwatoa malishoni nikikimbia.

Maboga nimeyahamishia juu kwenye mteremko. Bonde nimewaachia karoti na kabichi za majani yaliyojikunja, ambazo baridi huzifanya zigeuze wanga kuwa sukari. Asubuhi kunapokuwa kweupe kwa sakitu, sasa nashuka huko na kikapu.