Mkidhulumiwa, Ushahidi Mnautunza Vipi?

*Barua nyingi za wiki hii zimetoka Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na nyingi zina uchungu. Nimejibu hizi tano kwanza kwa sababu ushahidi wake unaweza kupotea.*

Mwanangu wa miaka 19 alikamatwa usiku, akarudi asubuhi mgongo na nyayo zimevimba. Kituoni wamekataa kuandika kwenye OB, daftari la matukio la polisi. Nianzie wapi? (Mama, Kayole)

Pole sana, mama. Anza na hospitali, leo hii, kabla hujarudi kuzozana nao kaunta. Alama za kipigo hufifia kwa siku chache. Amweleze daktari alipigwa na kitu gani, wapi mwilini, amelazwa au amening'inizwa vipi, na aombe yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema. Upo mwongozo wa Umoja wa Mataifa, Itifaki ya Istanbul, unaomwelekeza daktari kupima iwapo jeraha linalingana na maelezo ya mgonjwa. Kipigo cha nyayo kimo humo.

Mpige picha mchana: moja ionyeshe uso na mwili, kisha kila jeraha kwa karibu, rula ikiwa kando. Nguo zenye damu usizifue. Zianike kivulini zikauke, uzitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuozesha damu.

Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, ni bure. Kituo kikikunyima, peleka malalamiko moja kwa moja kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, au uwaone IMLU, wenye madaktari na mawakili wanaoshughulikia mateso.

Na hili nakusihi: usimfundishe cha kusema. Jirani atakuja na shauri lake, mjomba naye aongeze chumvi kidogo ili kesi iwe nzito. Wakili wa upande wa pili hutafuta chumvi hiyo hiyo, na akiipata, hata yale ya kweli huanza kutiliwa shaka. Kijana aandike mwenyewe anachokumbuka, na asichokumbuka aseme hakumbuki.

Nilirekodi polisi wakifyatua risasi kwenye maandamano, nikaituma WhatsApp. Inatosha? (South B)

Haitoshi. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa zilizofichika ndani ya faili, kama vile saa na mahali. Chenye thamani ni faili ya kwanza iliyo kwenye simu yako. Usiikate wala kuiwekea maandishi. Weka nakala mahali pawili, uandike ulikuwa umesimama wapi na saa ngapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa na jinsi rekodi ilivyopatikana, kwa hiyo usiiuze simu hiyo.

Hata video mbovu isitupwe. BBC Africa Eye ilichambua picha zaidi ya 5,000 za tukio la Bungeni la Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipopigwa risasi, ikazilinganisha mpaka ikatambua waliofyatua risasi. Ukitaka kusambaza yako, ficha kwanza nyuso za waandamanaji.

Ndugu yetu yuko City Mortuary, ana jeraha la risasi. Dini inatutaka tuzike haraka. (Majengo)

Poleni. Ombeni upasuaji ufanyike upesi, lakini ufanyike, na daktari wa familia awemo chumbani. Itifaki ya Minnesota, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaitambua haki hiyo. Ulizeni kama eksirei imepigwa kabla ya kisu. Risasi ikitolewa, ihifadhiwe na iandikiwe risiti: maabara huilinganisha na bunduki, na rejista ya silaha ya kituo huonyesha nani aliichukua siku ile. Kifo kinachotokana na vitendo vya polisi, sheria ya mwaka 2011 inawalazimu waiarifu IPOA. Ninyi pia piteni huko. Mahakama yaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, lakini huo ni msiba wa pili.

Niliona kila kitu. Nikisema, wataniua. (Hakutaja mtaa)

Hofu yako ina msingi. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, aliyekuwa amemshtaki afisa wa polisi, na dereva wao wa teksi. Maafisa watatu na mtoa habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022.

Usisimulie kwa simu. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kwenye shirika la haki, umuulize nani atasoma maelezo yako na jina lako litawekwa wapi. Iko sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006, na wakala wake hupokea maombi. Mchunguzi anayekuharakisha utie saini kabla ya kukujibu, mwache.

Baba aliteswa Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, mwaka 1986. Tumechelewa? (Githurai)

Hapana. Mahakama Kuu imewapa fidia wengi walioteswa mle, miongo kadhaa baadaye. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya enzi ya Mau Mau. Ila baadhi ya majaji hukataa kesi iliyocheleweshwa bila sababu, kwa hiyo mzee aeleze kwa nini alinyamaza. Mrekodi wiki hii, kwa lugha yake ya nyumbani, na mtafute hati yoyote ya kuzuiliwa au kadi ya hospitali ya wakati ule.