Ukipanga viwango vya wachezaji kwenye ligi ya gofu ya mtandaoni, anza na kiwanja

Usiku mmoja wa Jumatatu, dakika chache baada ya kubandika msimamo wa wiki, dada mmoja wa ligi yetu aliniandikia: "Kila tukikutana kwenye kiwanja kimoja namshinda, mara nne sasa. Mbona yuko juu yangu kwa nafasi kumi na moja?" Nilifungua lahajedwali nikiamini nimekosea kuingiza namba. Sikuwa nimekosea popote. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kuliuliza. Wiki mbili baadaye dada yule akatoka kwenye ligi bila kuaga.

Nimepanga viwango kwa misimu saba sasa, katika ligi ndogo ambazo hazijawahi kuzidi wachezaji 64. Nayaandika haya kwa ajili ya yule ambaye wenzake wamemgeukia na kumwambia, "Wewe unajua hesabu, tutengenezee msimamo." Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Watu wanakaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi usiku kucha kwa sababu ya namba utakayowapa.

Siku zile tulitumia wastani wa mipigo. Unajumlisha mipigo ya raundi zote, unagawa kwa idadi ya raundi, mwenye wastani mdogo anakaa juu. Kila mtu anauelewa, na ndiyo maana ligi nyingi huanzia hapo. Lakini viwanja vya gofu havifanani, na kwenye gemu tofauti ni kubwa zaidi. Tangu gemu iitwayo The Golf Club itoke mwaka 2014, wachezaji wameweza kujijengea viwanja vyao wenyewe na kuwafungulia wengine. Mmoja atajenga mashimo mafupi yaliyonyooka, mwingine atazungusha maji pande tatu za bendera. Juu ya hapo kuna mpangilio wa upepo, kasi ya majani karibu na shimo, na mahali bendera ilipochomekwa. Kiwanja kilekile, kikibadilishwa upepo na majani tu, kinaweza kukuongezea mipigo mitano au sita bila wewe kucheza vibaya zaidi ya wiki iliyopita.

Kila wiki tulikuwa tunafungua viwanja viwili, na mchezaji anachagua kimoja. Dada yule alipenda vigumu. Mwenzake, yule aliyekuwa juu yake kwenye msimamo, alichagua vyepesi. Nakumbuka wiki moja vizuri kwa sababu niliirudia hesabu yake mara nyingi baadaye: mwenzake alimaliza kwa mipigo 60 kwenye kiwanja ambacho wastani wa wote waliokicheza ulikuwa 61.4. Dada alimaliza kwa 67 kwenye kiwanja ambacho wastani ulikuwa 71.2. Msimamo wetu uliona 60 na 67, ukampa ushindi aliyewazidi wenzake kwa mpigo mmoja na nusu hivi, ukamshusha aliyewazidi kwa minne na zaidi.

Kwenye gofu la viwanjani tatizo hili lina dawa yake. Katika mfumo wa dunia wa handikapu (namba ya kupima uwezo wa mchezaji) ulioanza mwaka 2020, kila kiwanja kinapimwa na watu waliofunzwa, kinapewa namba ya ugumu wake, na namba nyingine kati ya 55 na 155 inayoonyesha jinsi kinavyomwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko mchezaji bora, 113 ikiwa ndiyo ya kiwanja cha kawaida. Kwenye gemu hakuna anayekuja kupima kiwanja alichojenga mtu juzi usiku. Ila una kitu kizuri kuliko mpimaji: watu arobaini waliokicheza wiki ileile, kwa upepo uleule. Waache wao ndio wakupimie.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua wastani wa mipigo ya wote waliocheza kiwanja hicho wiki hiyo, toa mipigo ya mchezaji wako. Ukibaki na namba chanya, amewazidi. Kisha gawa kwa mtawanyiko wa matokeo ya kiwanja hicho wiki hiyo, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyoachana na wastani, ambao programu yoyote ya lahajedwali inakupa kwa fomula moja. Jibu ndilo alama yake. Usiiruke hatua hii ya pili. Kwenye kiwanja chepesi watu wote wanabanana, na kuwazidi kwa mpigo mmoja ni kazi kubwa. Kwenye kigumu matokeo yanasambaa, na mipigo minne si ya ajabu sana. Wiki ile mtawanyiko ulikuwa karibu 2 kwenye chepesi na karibu 4 kwenye kigumu. Kwa hiyo mwenzake anapata 1.4 kugawa kwa 2, yaani 0.70. Dada anapata 4.2 kugawa kwa 4, yaani 1.05. Bado dada yuko juu, lakini pengo limekuwa la kweli, na mwenzake naye hajaonewa.

Kuna mtego umejificha hapo. Wachezaji bora wote wakikimbilia kiwanja kigumu, wastani wa kiwanja hicho unakuwa wa wakali watupu, na anayecheza na wakali anaonekana wa kawaida. Kiwango rasmi cha gofu duniani, kilichoanzishwa mwaka 1986 na Mjerumani Bernhard Langer akawa namba moja wa kwanza, kilifanyiwa marekebisho makubwa Agosti 2022 kwa sababu za namna hii: siku hizi uzito wa shindano unahesabiwa kwa kuangalia uwezo wa kila mchezaji aliyemo, badala ya kutazama zaidi majina makubwa ya juu. Sisi tulifanya jambo dogo la aina hiyohiyo. Tunachukua wastani wa alama za sasa za wote waliocheza kiwanja hicho, tunauongeza kwenye matokeo ya kila mmoja wao. Ukicheza na wakali, unaongezewa. Ukicheza na wanaojifunza, unapunguziwa. Kama una mamlaka ya kuamua, rahisi zaidi ni kufungua kiwanja kimoja tu kwa wiki, ukafunga upepo na bendera ili wote wakutane na hali moja. Ningeanza na hilo kama ningekuwa naanza leo.

Ukishamaliza na kiwanja, kuna anayeibuka mara moja, anapiga raundi ya ajabu, kisha anapotea akiwa kileleni. Wastani unamlinda: kadiri asivyocheza ndivyo asivyoshuka. Kiwango cha dunia kinazuia jambo hili kwa kugawa jumla ya alama kwa mashindano yasiyopungua 40, hata kama mchezaji amecheza 12 tu. Sisi tunagawa kwa raundi zisizopungua 8 ndani ya wiki 20. Mtu mwenye alama 6 katika raundi tatu angekuwa na wastani wa 2.0 na kuwakalia wote vichwani. Kwa kigawanyo cha 8 anakuwa na 0.75, yaani anaheshimika ila anatakiwa arudi kucheza. Usiiweke namba hii juu sana. Msimu mmoja niliweka 15, na wenye kazi za zamu na watoto wachanga wakajikuta hawana njia ya kupanda hata wakicheza vipi. Niliirudisha katikati ya msimu na kuomba radhi.

Matokeo ya zamani nayo yafifie polepole. Kwenye kiwango cha dunia alama zinabaki na thamani kamili kwa wiki 13, kisha zinapungua kidogokidogo kwa usawa kila wiki hadi zinafutika baada ya miaka miwili. Ligi ya mtandaoni inakwenda mbio zaidi, hivyo sisi tuna wiki 4 za thamani kamili na 16 za kufifia. Toleo jipya la gemu likitoka, anzeni upya. Namna ya kupiga mpira ikibadilika, alama za toleo la zamani zinapima ujuzi ambao hautumiki tena. Na kama gemu yenu inaruhusu kupiga kwa kuvuta kijiti cha pedi na pia kwa kubonyeza mara tatu, kama PGA Tour 2K23 ilivyofanya, kubalianeni mapema kama wote wanaingia msimamo mmoja. Ugomvi wa jambo hilo ukianza katikati ya msimu hauishi.

Sasa raundi zilizokatika. Hapa nina jambo langu. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijaanza kupanga viwango, nilikuwa kwenye ligi fulani nikiwa nimebakiza mashimo mawili kumaliza raundi bora ya maisha yangu. Mpira ulikuwa umesimama hatua tano kutoka shimo la 17. Intaneti ikakatika. Niliporudi raundi ilikuwa imefungwa, na kanuni za ligi ile zikanihesabu kuwa wa mwisho. Nikashuka daraja. Niliandika kueleza, nikajibiwa kwamba kanuni ni kanuni. Najua kwa nini kanuni ile ilikuwepo: wapo wanaozima mashine makusudi wakiona raundi imeharibika, ili isiingie kwenye wastani wao. Lakini huwezi kumtendea mtu aliyekatikiwa kama unavyomtendea anayekimbia. Sisi tunasamehe raundi mbili zisizokamilika kwa kila msimu bila kuuliza chochote. Ya tatu inahesabiwa sawa na matokeo mabaya zaidi ya wiki hiyo. Anayekimbia anakimbia mara nyingi, na mara nyingi hizo zinamfichua. Aliyekatikiwa kwa bahati mbaya mara chache hufika ya tatu.

Kitu kingine ninachokisihi: usitumie namba moja kwa kazi mbili. Kiwango kinasema nani amefanya nini. Handikapu inasema mtu anaweza kufika wapi akicheza vizuri, ili dhaifu na hodari wacheze pamoja wakiwa na nafasi sawa. Ndiyo maana handikapu ya dunia inachukua matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, na mabaya 12 yanawekwa kando. Uzuri wake ni kwamba anayecheza ovyo makusudi ili abaki daraja la chini hafaidiki kirahisi, kwa kuwa raundi mbili tatu za uongo zinaanguka zenyewe. Ukimpangia mtu daraja kwa wastani wa raundi zake zote, umemfungulia mlango wa kujificha. Tulikuwa na mmoja aliyekuwa akipiga mipigo 80 baadhi ya wiki za kawaida na 63 wiki ya fainali ya daraja la tatu. Tulipohamia 8 bora kati ya 20, alijikuta daraja la kwanza, na nadhani ndipo alipostahili.

Kama ligi yenu ni ya wawili wawili, shimo kwa shimo, hamhitaji mengi ya hayo. Tumieni mfumo wa alama uliobuniwa na Arpad Elo, ambao shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, liliuchukua mwaka 1970. Mwenye alama 200 zaidi ya mpinzani anatarajiwa kupata kama pointi 76 katika kila 100 wanazogombea. Akishinda anaongezewa kidogo, akishindwa anapoteza nyingi. Kwa mchezaji mgeni acha alama zisogee kwa hatua kubwa katika mechi zake za mwanzo, kisha upunguze ukubwa wa hatua hizo.

Baada ya yote, onyesha hesabu. Mimi nabandika lahajedwali zima kila Jumatatu, mstari wa kila mchezaji ukiwa wazi, na juu kabisa nafafanua mstari wa mtu mmoja kwa maneno, kila wiki mtu tofauti. Inanichukua nusu saa zaidi.

Dada yule nilimtumia kanuni mpya kabla sijamwomba arudi. Alizisoma kwa siku tatu, akauliza maswali manne, akarudi. Wiki yake ya tano alikuwa wa saba kwenye msimamo niliobandika saa mbili usiku. Akaniandikia kwamba mtawanyiko niliougawia mstari wake ulikuwa wa wiki iliyotangulia. Alikuwa sahihi. Saa nne usiku nilibandika upya akiwa wa sita, na yule aliyeshuka nafasi moja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika chini yake: "Sawa kabisa, nimeiona hesabu."