Unauliza mkoa gani una hela? Taja kwanza mwezi

Mkuu umeuliza, we ni mtoto wa Temeke, hujawahi kuvuka Kibaha ukiacha msiba mmoja wa Morogoro, una mtaji wa nguo za mtumba na unataka ujue mkoa gani unafaa kwenda kuanza maisha. Naona watu wanabishana tu, huyu Mwanza yule Arusha, mwingine anasema Mbeya ndo kila kitu. Samahani langu litakuwa refu, mi nimeanza utingo 2004, baadae nikashika usukani wa Fuso, sa hivi nina kibanda cha nafaka hapa Tandale, kwa hiyo vumbi la hii nchi nimelila karibu lote ukitoa Kigoma na visiwani.

Sisi watu wa Dar tuna ugonjwa wa kusema "mkoani" kama vile ni sehemu moja. Jamaa yuko wapi? Yuko mkoani. Mkoani wapi sasa, bara peke yake kuna mikoa 26, Tabora ina zaidi ya kilomita za mraba 76,000 wakati Dar yetu yenye watu milioni 5 na ushee kwa sensa ya 2022 haifiki hata 1,500. Ila kosa lililonila mimi hela siyo hilo, ni kudhani mkoa una hela mwaka mzima kama Kariakoo. Hela ya mkoani ina msimu ndugu yangu, nje ya msimu watu ni walewale, duka ni lilelile, ila wanakopa mpaka chumvi.

Nililijua hilo Mtwara. Nilikuwa nasikia story za korosho, kwamba kule msimu ukifika watu wanaezua makuti wanapiga bati ndani ya wiki, bodaboda zinanunuliwa kama karanga, nikasema ngoja na mimi nikale. Nikafunga mzigo, vitenge, ndoo na mabeseni, na redio, nikaondoka mwezi wa 3. Mwezi wa 3! Kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilomita 60 hivi, kilikuwa bado hakina lami, mvua inapiga, tukalala njiani siku tatu magari yamezama kwenye tope na madereva wa zamani wanatucheka eti afadhali nyie, sisi kabla ya daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 tulikuwa tunasubiri kivuko pale Rufiji. Nafika Newala nimechoka kama mbwa koko, naanika mzigo, watu wanakuja, wanashika, wanauliza bei, wanarudisha taratibu kwa adabu kabisa. Mama mmoja ndo akaniambia, "mwanangu mzigo wako mzuri, rudi nao mwezi wa 11". Mi nikaona ananikatisha tamaa. Nikauza nusu bei, nyingine nikaacha kwa mkopo, kuna redio mbili mpaka leo sijalipwa.

Sasa huyo mama alikuwa ananipa darasa la bure. Korosho inakwenda hivi: katikati ya mwaka watu wanahangaika kupuliza salfa, korosho zinaanza kudondoka kuanzia kama mwezi wa 9 au wa 10, mkulima anaokota anapeleka AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, mnunuzi akilipa ndo hela inaingia akaunti ya mkulima. Huo mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho umeanza 2007. Kwa hiyo hela ya kijiji kizima inashuka ndani ya wiki chache, mwezi wa 11, wa 12, wa kwanza hivi, baada ya hapo ni kuvumiliana mpaka msimu mwingine. Na hapo kwenye kuvumiliana ndo anapita mtu wa kangomba, anamkuta mwenye njaa, anamlipa hela kidogo kwa korosho ambayo bado hata ua haijatoa. Ni kosa kisheria, usije ukashawishika utalala ndani, na hata kama usingelala ndani ni roho mbaya tu.

Na usione watu wa kule wapole ukadhani maisha rahisi, ule uwanda wa Makonde juu kule Newala ni mchanga mtupu, maji yanazama, zamani kina mama walikuwa wanashuka bondeni huko kuteka na kupandisha kichwani, ndo maana nyumba nyingi utakuta zina kisima cha kukingia mvua ya bati. Ukiona mtu anawahi kununua bati kabla ya redio ujue siyo mapambo, anatafuta maji.

Ukitaka kuelewa haya mambo angalia mvua. Kusini, kati na magharibi wana mvua moja tu, inaanza mwezi wa 11 hivi inakata wa 4 au wa 5, maana yake shamba ni moja, mavuno ni mara moja, hela ni mara moja. Tanga, Kilimanjaro, Kagera wao wana vuli na masika. Halafu Wachaga na Wahaya wana mgomba, na mgomba hauna msimu, leo unakata mkungu, wiki ijayo unakata mwingine, kahawa iko chini yake inasubiri zamu yake. Ndo maana Moshi vijijini au Bukoba huwezi kuona ile hela ya fujo ya Mtwara ya mwezi wa 12 ila pia huoni ule ukame wa mfukoni wa mwezi wa 3. Kaskazini siongezi, watalii na Mlima mnaujua wote, na ukienda kule kuuza kitu ujue unamuuzia mtu aliyezaliwa akiuza.

Haya twende Nyanda za Juu maana huko ndo nimekaa sana. Ukitoka Mikumi unashuka Ruaha Mbuyuni, joto, mibuyu, vitunguu vimepangwa barabarani, halafu unaanza kupanda Kitonga. Aisee Kitonga na Fuso lenye mzigo, gia namba moja, utingo anatembea pembeni na kigogo cha kuwekea tairi, na ndani ya muda mfupi hewa inabadilika kabisa kama umefungua friji. Mara ya kwanza nimeshuka Makambako saa nane usiku mwezi wa 7 nimevaa fulana na malapa. Ule upepo sikutegemea Tanzania upo. Nilinunua koti la mtumba kwa bei ambayo soko la Karume huku Dar ningepata matatu, na muuzaji alikuwa anacheka tu, ananiambia "kamwene" na mimi meno yanagongana nashindwa kuitika.

Kule uchumi ni tofauti na Mtwara kabisa, siyo zao moja. Mafinga ni mbao, ule msitu wa Sao Hill, Mufindi chai, Njombe viazi na miaka ya karibuni parachichi, mpaka vijana wamerudi kijijini kulima wameacha kuja huku kuuza soksi. Hela inakuja kwa vipande vipande mwaka mzima. Ila kuna kitu kinaitwa lumbesa, sijui kama unakijua, gunia la viazi linajazwa, halafu juu linaongezewa kichwa linashonwa na kamba, linaitwa gunia moja. Sheria inasema mwisho kilo 100 lakini lumbesa haisomi sheria, mkulima analipwa gunia moja, huku sokoni tunalipasua tunapata moja na zaidi. Mi nimebeba sana lumbesa na mgongo wangu unajua.

Mchele nao niseme. Huo mchele mnaoambiwa ni Kyela, Kyela ni kawilaya kako kule mwisho kando ya Ziwa Nyasa, kangeilisha vipi Dar yote? Mwingi mnaokula unatoka Mbarali, Ifakara, Kahama na Shinyanga, nao ni mtamu tu ukiupika vizuri. Hata mi kibao changu kimeandikwa Kyela, msinicheke, nisipoandika hamnunui.

Kanda ya Ziwa siyo Mwanza peke yake. Mwanza ni jiji, ina samaki, ina mawe, ina mzunguko wa kila siku. Ukitoka hapo ukaenda Bariadi, Maswa, Meatu, hiyo ni pamba, wanavuna na kuuza katikati ya mwaka. Ila Msukuma akishika hela ya pamba anaanza kufikiria ng'ombe, nguo yako itasubiri foleni. Uzuri ni kwamba baada ya mavuno ndo ngoma zinachezwa, makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanashindana, kuna wanaocheza na nyoka mzima shingoni, watu wanajaa uwanja mpaka jioni na panapojaa watu hivyo mfanyabiashara hakosi cha kuuza. Na hao wenye ng'ombe hawakai tu kwao, nimesalimiwa "mwangaluka" Kilwa na nimesalimiwa "mwangaluka" Katavi, wamefuata malisho, kwa hiyo usishangae ukienda kusini ukakuta mnada wa ng'ombe.

Singida na Dodoma watu wanapapita usingizini kwenye basi wanaona ni pakavu wanasema hamna kitu. Hapo pakavu ndo inatoka alizeti, vitunguu, na wale kuku wa kienyeji mnaowaona kwenye matenga juu ya mabasi. Na Kibaigwa pale Kongwa kuna soko la mahindi, simama siku moja tu uone malori. Bei ya unga wa Dar huwa naanza kuisikilizia pale.

Sasa turudi kwako. Kabla hujakata tiketi pale Mbezi, chukua wiki mbili uzunguke Kariakoo saa za jioni wanapofunga mizigo, usinunue kitu, angalia tu maandishi kwenye maboksi na viroba. Ukiona Tandahimba, Masasi, Newala zimezidi ujue korosho zinalipwa. Ukiona Bariadi na Kahama zimeongezeka, pamba hiyo na mpunga. Wenye maduka hawaandiki kalenda popote ila wote wanaijua. Halafu nenda Karume kwa wanaofungua mabelo ya majaketi, maana hapa Dar nani anavaa jaketi, waulize nani anawanunulia kwa wingi kuanzia mwezi wa 5. Watakutajia Njombe, Makete, Mbeya.

Na hujasema kitu kimoja muhimu, hizo nguo zako ni nzito au nyepesi? Za watoto au za wakubwa? Jibu hapo ndo nikwambie upande basi gani, maana ukinijibu ni vitop vya kike halafu unataka kwenda Makete mwezi wa 7 mi sitakuzuia ila sitakukopesha nauli ya kurudi.