Ukingo wa Meru: kabla hujapita Rhino Point

Hapa Arusha Mlima Meru huuzwa sana kama mazoezi ya Kilimanjaro. Kwa upande wa mapafu, sawa. Kilele kina mita 4,566, na aliyefika huko mwili wake umeshaanza kuzoea hewa nyepesi. Ila mimi naupenda mno mlima huu, sikubali uitwe mazoezi tu, na nimeona watu wenye afya njema wakiganda kwenye mwamba kwa sababu hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi. Kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro, kinachoukaribia ukingo wa Meru labda ni Ukuta wa Barranco, na huo watu huupanda asubuhi baada ya kunywa chai. Ukingo wa Meru unapitwa gizani.

Zamani sana upande wa mashariki wa mlima huu uliporomoka, ukaacha kreta, yaani shimo la volkano, kubwa na iliyo wazi upande mmoja, yenye kuta za zaidi ya mita 1,000. Kutoka kibanda cha kulala cha Saddle Hut, mita 3,570, njia inapanda kwa kona kona hadi Rhino Point, halafu inafuata mdomo wa kreta hiyo mpaka juu. Unapopanda, shimo liko kushoto kwako, na kulia ni mteremko wa majivu ya volkano. Watu huondoka kibandani saa sita, saa saba usiku, ili jua liwakute karibu na kilele.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo, na hapo mikono nayo inaingia kazini. Kuna mwamba uliolala mshazari wenye minyororo ya kushikilia. Kabla hujaugusa, funga fimbo zako kwenye begi. Fimbo inayoning'inia mkononi ndiyo inayokuvuruga. Vaa glavu, maana chuma kile usiku ni baridi ya kuuma, na asubuhi nyingine miamba huwa na barafu nyembamba usiyoiona mpaka uikanyage. Kaza mkanda wa begi kiunoni ili mzigo usikuyumbishe.

Halafu fuata kanuni moja tu: kati ya mikono miwili na miguu miwili, hamisha kimoja, vitatu vibaki vimetulia. Uzito uweke miguuni. Mnyororo ni wa kukusaidia kusimama sawasawa, si wa kujivuta kama ndoo ya kisimani. Jiwe lijaribu kwanza kwa kulisukuma kidogo, kwani mengi huko yamekaa juu ya majivu tu. Na mpishane nafasi, asishike mtu kipande cha mnyororo ambacho mwenzake bado anakitumia. Akiteleza mmoja, mnyororo unatikisika na wa pili anang'oka naye.

Wenye hofu ya urefu huniuliza kama wataweza. Wengi wanaweza, kwa sababu usiku unaona duara la tochi tu: jiwe, mguu wa aliye mbele, jiwe jingine. Lakini usiifiche hofu. Mwambie kiongozi wako mkiwa bado Saddle Hut, akuweke nyuma yake moja kwa moja na akuonyeshe pa kukanyaga. Anayekaa kimya halafu akaganda katikati ya mwamba anawasimamisha kwenye upepo wote walio nyuma yake.

Kichwa kuuma kidogo huko juu ni kawaida. Kuyumba si kawaida. Mkifika mahali tambarare, mwambie mwenzako atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akipepesuka kama mlevi, safari yake ya kupanda imekwisha, hata kama anacheka na kusema yuko fiti. Penye njia pana angehatarisha afya yake. Ukingoni anahatarisha hata wanaomzunguka. Cobra Point, kama mita 4,350, ni mahali pazuri pa kufanya uamuzi huo, maana sehemu iliyobaki ni kali, ya mawe na majivu yanayorudi nyuma kila ukikanyaga. Kurudi kutokea hapo hakuna aibu hata chembe. Asubuhi ikiwa safi, ukiwa Cobra Point umeshaiona Kilimanjaro nzima ikitokeza juu ya mawingu na ile koni ya majivu ndani ya kreta chini yako.

Sasa kushuka, ambako naomba usome mara mbili. Kumekucha, miguu imechoka, furaha ya kilele imekulegeza, na kwa mara ya kwanza unaliona shimo ulilolipita usiku. Kula na unywe maji kabla hujaanza, hata kama huna hamu. Macho yaangalie pale unapotaka mguu uende. Ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Penye mwamba mkali geuka, uso uelekee mlima, ushuke kinyumenyume kama unavyoteremka ngazi. Usikimbie majivu penye watu chini yako, na jiwe likikuponyoka piga kelele hapohapo.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mimi ningeuacha ukingo huu kabisa, kwa sababu mwamba uliolowa haushikiki.

Ukishavuka minyororo, toa fimbo tena. Wengi huteremka siku hiyohiyo hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, na magoti yatazihitaji.